Taa ya zambarau ya Kariakoo: imeniitia nondo wa mtaa mzima kasoro yule niliyemnunulia

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo. Nyota nne kati ya tano kwa kuita wadudu, nyota mbili kwa boksi na maelezo yake, na sifuri kwa kazi hasa niliyoinunulia. Ila hiyo sifuri msimlaumu muuzaji wala taa, mdudu mwenyewe ndo ana tabia zake na nitazieleza mbele, maana hapo ndo penye utamu.

Kilichonipeleka Kariakoo ni nondo mmoja wa kijani. Mnaokaa Goba, Bunju, Chanika na huko kote kwenye miti miti bado mtakuwa mmeshamuona, mkubwa, mabawa yakifunguka ncha mpaka ncha ni kama sentimita 9 hadi 11, kijani cha majani kimechanganyika na weupe na upinki kwa mabaka mabaka, yaani ndo raia pekee Dar anayetembea na kombati na hakuna MP, polisi wa jeshi, wa kumsimamisha. Anatoka jua likishazama, anasimama hewani mbele ya asumini anafyonza, sekunde chache huyo kaondoka, we bado unahangaika kufungua kamera ya simu. Kitaalamu anaitwa Daphnis nerii. Nikasema ngoja nitafute taa ya kumleta ukutani atulie nimpige picha za maana.

Sasa taa. Kariakoo ukiuliza taa ya UV, yaani urujuanimno, utaoneshwa vitu vitatu tofauti kabisa na vyote wanaviita jina moja, kwa hiyo hapa tulieni kidogo. Kuna vitochi vya kukagulia noti, hivi vidogo, mwanga wake haufiki mbali. Kuna balbu za zambarau za disko na kumbi za harusi, hizi ndo zenyewe. Afu kuna zile za kuulia vijidudu, zilizopata umaarufu kipindi cha korona, hizo usiguse. Zile ni UV-C, nyingi zinatoa mwanga wa nanomita 254 (nm kwa kifupi, ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), zinaunguza macho na ngozi, haziwashwi sehemu watu wamekaa. Kuna kijana alinishikisha moja anasema "bosi wangu hii inaua mpaka virusi, sa nondo ni nini?" Nikamwambia mdogo wangu mi sitaki kuua, nataka waje tukae nao. Akanitazama akaenda kuhudumia wengine.

Niliyonunua ni balbu ya wati 20, haina jina la kampuni la maana, boksi limeandikwa 365 nm kwa herufi kubwa na chini Kichina kitupu. Nimelipa 28,000 baada ya kuanzia 40,000. Kulikuwa na nyingine ya 15,000 imeandikwa 395 nm na muuzaji akasisitiza ni zilezile tofauti ni bei. Si zilezile. Macho ya nondo yanaona vizuri sana mwanga wa UV ambao sisi hatuuoni, huko kwenye 350 na kitu hivi, wakati hiyo ya 395 sehemu kubwa inatoka kama zambarau ya kawaida, inapendeza kwa harusi ila kwa wadudu inaita kidogo. Namna ya kuzitambua dukani, ya 365 ikiwashwa utaiona kama imefifia, ukiisogeza kwenye shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga shati linawaka balaa. Ya 395 yenyewe ndo inang'aa zambarau hata kabla ya kuisogeza popote. Waombe wazime taa nyingine za duka kwanza, wakigoma nenda duka la pembeni.

Lawama zangu kwa bidhaa yenyewe: kichwa chake ni cha skrubu na holda za nyumba nyingi hapa mjini ni za pini, hakuna adapta ndani ya boksi, nimeongeza hela. Hakuna onyo lolote kwamba usiikodolee macho, na hata kama UV-A, ambayo ndo aina ya balbu hii, si kali kama ile ya vijidudu bado si ya kukaa unaiangalia usiku kucha, mi navaa miwani. Pia inashika joto shingoni kuliko balbu za led za kawaida kwa hiyo usiifungie kwenye kikapu au kuiwekea kitambaa karibu. Waranti hakuna, risiti niliiomba nikapewa kama nimeomba figo. Umeme inakula kidogo sana, ukiwasha tangu saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa nne usiku hata moja ya kumi ya unit ya LUKU haifiki.

Na mnaotaka kuinunua kwa ajili ya mbu, acheni. Mbu anafuata pumzi yako na harufu ya mwili wako, utaiwasha taa na ataipita kuja kwako.

Mpangilio wangu ni rahisi, shuka jeupe limening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia, taa mbele yake, waya wa ekstensheni kutoka sebuleni. Usiku usio na mwezi na wenye mawingu ndo mzuri, kukiwa na mbalamwezi wanapungua sana. Kukiwa kumenyesha jioni andaa ufagio maana kumbikumbi watajaa mpaka shuka lisionekane, na mjusi kafiri wa ukuta wote wa nyumba wanahamia hapo, wanakula bila kulipa. Kuna mmoja kwangu amenenepa mpaka anashindwa kukaa darini.

Wageni walioletwa na taa ni wa kutosha. Alikuja Agrius convolvuli, huyu wa kijivu mwenye vipande vya pinki pembeni ya tumbo, ulimi wake akiukunjua ni mrefu kuliko mwili. Kama una matembele uani ushawahi kukutana na watoto wake bila kujua, kiwavi mnene mwenye pembe nyuma anayekwangua majani ya viazi vitamu ndo huyo. Alikuja Hippotion celerio, mwembamba, ana mstari wa kifedha kwenye bawa, mpole. Afu siku moja akaja Acherontia atropos, ana alama ya fuvu mgongoni na ukimgusa anapiga kelele kwelikweli, kisauti cha kulia, hewa anaivuta na kuitoa mdomoni. Huyu anaingia kwenye mizinga ya nyuki kuiba asali. Kulikuwa na bibi wa jirani amekuja kuazima kitu, nimemwamkia shikamoo bibi, marahaba, macho yake yameshatua kwenye lile fuvu, akasema "mjukuu wangu, huyo usimshike, huyo katumwa." Nikamwambia bibi huyu anakula tu majani ya bilinganya akiwa mdogo. Hakushawishika, na kusema ukweli ule mlio wake usiku hausaidii hoja yangu.

Wa kijani? Hakuja. Nilimuona kwa macho yangu, anapita upande wa pili wa ua, kwenye asumini, mita chache tu kutoka kwenye shuka, anakunywa zake anaondoka. Taa inawaka, shuka linang'aa, wenzake wamejaa, yeye hana habari.

Basi nikaanza kusoma, na ndo nikakutana na hii. Mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Communications ulitoka utafiti wa watu wa Imperial College London na wenzao, walirekodi wadudu kwa kamera za kasi kubwa, maabara na porini kule Costa Rica, wakitaka kujua kwanini wadudu wanazunguka taa. Zile hadithi kwamba wanapenda mwanga au wanaidhania mwezi hazikusimama. Walichokiona ni kwamba mdudu anayeruka usiku anageuzia mgongo upande wenye mwanga zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa juu, mbinguni, kwa hiyo ukigeuzia mgongo huko unaruka umenyooka. Sasa we umeweka balbu. Mdudu anapita pembeni anaelekeza mgongo kwenye balbu, anajikuta anazunguka, akipita juu yake anabinuka miguu juu na kuanguka. Hajapenda chochote masikini, kashikwa. Nilipokuwa naangalia shuka langu baada ya kusoma hivyo niliona kabisa, wanakuja kwa pembe pembe, wanabinuka, puu chini.

Na katika wachache ambao hawakufanya hivyo, mmoja alikuwa Daphnis nerii. Huyuhuyu. Walimrusha maabara akawa anapita juu ya taa bila kubinuka. Ulimwengu una wadudu wangapi, mi nimenunua taa ya kumnasia yule aliyeingia kwenye makaratasi kwa kutonasika. Haimaanishi hawezi kabisa kuonekana kwenye taa, anaonekana mara mojamoja, ila kutegemea balbu kwa ajili yake ni kutega dema barabarani.

Sasa kwa kuwa wengi mliniuliza nilijuaje ni huyo na si mwingine, maana kuna kijana mmoja aliniambia kwa uhakika wote kwamba nondo wa kijani ni mmoja tu. Si mmoja. Kuna Euchloron megaera naye yupo Afrika, naye mkubwa, ila yeye kijani chake ni kimoja kimekolea karibu mwili mzima na mabawa ya nyuma ni ya manjano, na viwavi wake wanakula jamii ya mizabibu. Wetu ana mabaka, na viwavi wake wanakula jamii ya oleanda, ule mmea wa maua wa bustanini. Ukiwaona pamoja huwezi kuchanganya, ukiona picha ya simu iliyotikisika unachanganya vizuri tu.

Jina lenyewe lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1758 alitoa toleo la 10 la Systema Naturae, na majina yote ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa rasmi kuanzia hapo. Yeye wadudu wenye mabawa ya magamba aliwagawa mafungu matatu tu. Papilio ni vipepeo, Sphinx ni hawa wanene wanaoruka jua likizama, wenye mabawa membamba, na Phalaena ni waliobaki wote, yaani ukishindwa pa kumweka tupa huko. Wetu akamwita Sphinx nerii, kwa sababu ya oleanda ambayo jina lake la kisayansi ni Nerium. Mwaka 1819 Mjerumani Jacob Hübner akaanzisha jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, akaiita Daphnis, na ndo nerii alipo mpaka leo. Kwa hiyo ukiona pameandikwa Daphnis nerii (Linnaeus, 1758) yale mabano si mapambo, yanakwambia kwamba aliyempa jina alimweka jenasi nyingine kisha watu wakamhamisha. Bila mabano maana yake yupo jenasi ileile aliyowekwa na mwenye jina lake.

Hapo ndo nikarudi kwenye picha za shuka langu nikacheka. Agrius convolvuli, Hippotion celerio, Acherontia atropos, wote wana mabano, wote Linnaeus 1758, wote alikuwa amewabandika Sphinx. Balbu ya 28,000 iliniletea fungu la Linnaeus ukutani, limekuja limepungukiwa mmoja.

Siku hizi wote hao wako familia ya Sphingidae, jina aliloliweka Mfaransa Latreille mwaka 1802, ina spishi zaidi ya 1,400 duniani. Ndani yake wanagawanyika tena, wa kijani na Hippotion wako nusufamilia ya Macroglossinae, wakati yule wa matembele na yule wa fuvu wako Sphinginae. Kwa hiyo huyu wa kijani ni ndugu wa karibu zaidi wa yule mwembamba mpole kuliko wa hao wakubwa wawili, kitu ambacho kwa macho usingekisema. Wataalamu wanaangalia mishipa ya mabawa, mdomo, kiwavi na pupa, na sana sana viungo vya uzazi, wanavipasua chini ya hadubini kwa sababu spishi mbili zinaweza kufanana rangi mpaka mwisho zikatofautiana huko tu. Na tangu 2003 kuna njia ya Paul Hebert wa Kanada ya kusoma kipande kifupi cha DNA, jeni inaitwa COI, wanailinganisha na za wengine waliokwisha kusomwa. Mguu mmoja wa nondo mkavu unatosha.

Na mambo hayajatulia mpaka leo. Kuna nondo anaitwa Xanthopan morganii, yupo bara Afrika na Tanzania yumo, ana ulimi mrefu sana. Kule Madagaska kuna ndugu yake, ndo yule ambaye Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, mwaka 1862 alipoona okidi yenye mrija wa karibu futi moja akasema lazima kuna nondo wa ulimi wa kufika kule chini, watu wakamcheka. Akaja kupatikana, mwaka 1903 wataalamu Rothschild na Jordan wakampa jina praedicta ila kama tawi la huyu wa bara. Mwaka 2021 ndo wataalamu wakapitia upya maumbo na DNA wakasema hapana, wa Madagaska ni spishi kamili anajitegemea. Imechukua zaidi ya karne. Kwa hiyo mtu akikupa jina la nondo kwa kuangalia picha moja ya wasapu kwa sekunde mbili, mshukuru tu halafu muombe picha ya mabawa ya nyuma.

Jingine lililonishangaza, hakuna fungu la kisayansi linaloitwa nondo. Vipepeo wote, kama 18,000 hivi, ni tawi moja limechipua katikati ya mti wa nondo, kwenye oda ya Lepidoptera yenye spishi zaidi ya 150,000. Ukisema nondo umesema "wote wasio vipepeo", ni kama lile fungu la tatu la Linnaeus bado tunalo mdomoni.

Haya, mwisho nilimpataje. Kwa wauza maua wa barabarani. Kaka mmoja pale Mbezi anauza adeniamu, zile za kwenye vyungu zenye shina limevimba chini, alikuwa analalamika majani yanaisha usiku na ameshachanganya dawa ya kupuliza. Adeniamu ni jamii ya oleanda. Nikamwambia kaka subiri, nikaangalia chini ya majani, viwavi wa nondo wangu wapo. Kijani, urefu wa kidole, pembe fupi ya manjano nyuma ambayo haichomi mtu, na ukimsumbua anainamisha kichwa na kukuonesha macho mawili ya bluu ya uongo mgongoni karibu na shingo. Yule kaka akaruka nyuma. Mmea wenyewe una sumu, oleanda inaua hata mbuzi, ila hao wanaushindilia kutwa hawaumwi. Akanipa bure nimuondolee balaa. Nyumbani nimewalisha vinka, yale maua ya pinki na meupe yanayojiotea kila kona, nayo ni jamii hiyohiyo. Wakikaribia kuwa pupa wanageuka rangi ya kahawia na kushuka chini kwenye majani makavu, usidhani wamekufa ukawafagia. Walipotoka, picha nilizozitaka nilizipata asubuhi kwa mwanga wa dirisha, kwa gharama ya sifuri, jioni nikawafungulia.

Kwa hiyo inunue au usinunue? Kama una uwanja wenye miti kidogo na unataka kuona kilichopo mtaani kwako usiku, inunue, hata watoto watafurahi, na uizime ukimaliza kwa sababu wale walioshikwa pale hawali wala hawazaani mpaka uzime. Kama unakaa ghorofani katikati ya mji kwenye taa za barabarani kila kona, okoa hela yako. Kama ni kwa ajili ya wa kijani, nunua adeniamu au panda vinka na asumini, ni 5,000 tu na maua unabaki nayo. Ukienda dukani sema 365, ishike mkononi usome mwenyewe boksi, na wakikutajia 40,000 usianze kutoa pochi, 28,000 mi nimeshalipa na nina hakika kuna mtu atapata kwa 20,000. Wa kuwahi kuipata ya pini aseme duka gani.